Macho Meupe ya Birika la Pili

Walimtumbukiza kichwa ndani ya birika la samaki, wakamkandamiza shingo, wakamwambia afumbue macho. Kama maji hayana sumu, alisema serahangi, yatakudhuru nini? Walikuwa watatu. Serahangi, msimamizi wetu, alishika shingo, na wapiga mbizi wawili walishika kila mmoja mkono wake. Waliyemshika alikuwa mpiga mbizi mwenzao, mtu wa Adu. Walipomtoa, uso wake upande wa kuume ulikuwa umechunika kuanzia kwenye nyusi mpaka mfupa wa shavu, na jicho la upande huo lilikuwa limejaa damu, halifunguki. Jua lilikuwa limeshapanda. Mimi nilikuwa nimesimama karibu, wavu mkononi, nikipiga kelele ambazo hazikumsaidia kitu.

Ilikuwa Kilifi, miaka ya themanini, wakati watu bado wanavuka hori, ule mkono wa bahari, kwa kivuko. Nyumba yetu ya samaki ilikuwa upande wa mjini, juu kidogo ya maji: banda la makuti, mabirika manne ya mviringo yaliyojengwa kwa mawe na saruji, safu ya matangi ya vioo, pampu ya maji na mashine ya hewa. Samaki wetu hawakuwa wa kuliwa. Walikamatwa hai mwambani, kuanzia Watamu kushuka hadi kwetu, wakatiwa mmoja mmoja katika mifuko ya plastiki iliyojazwa hewa, wakavushwa kwenda Mombasa, na kutoka hapo wakapanda ndege kwenda Ulaya, kukaa katika vioo sebuleni mwa watu. Tajiri aliyekuwa na nyumba ile aliishi Mombasa. Alipokuja, kabla hata ya kunywa maji, aliuliza swali moja: "Macho yao vipi?" Samaki aliyenyofolewa pezi hupona njiani na hakuna anayejua. Jicho bovu humtazama mnunuzi moja kwa moja.

Macho hayo ndiyo yaliyokuwa kazi yangu. Asili yetu ni visiwa vya kaskazini, lakini nilizaliwa Malindi, katika nyumba ya wachuuzi wa samaki. Kabla ya kwenda Kilifi nilikuwa nikifanya usafi kwenye kliniki ya macho, na kitu nilichotoka nacho pale ni namna tabibu alivyoshika tochi. Hakummulika mgonjwa usoni. Alimulika kwa ubavuni, ili mwanga upite juu ya jicho kama jua linavyopita juu ya mchanga asubuhi, na kila tundu na kila mkwaruzo utoe kivuli chake. Nilimfunika samaki kwa gunia ili kuwe na giza, nikamulika hivyo hivyo. Weupe ukiwa juu, kama ukungu kwenye kioo, ni ngozi ya jicho iliyoumia. Weupe ukiwa ndani, nyuma ya kioo, hiyo ni habari nyingine na mara nyingi haina dawa. Jicho likichomoza kama linataka kudondoka, niliuliza kwanza kama ni moja au yote mawili. Yote mawili, nilimwendea mpiga mbizi na kumuuliza alimtoa kina gani na alimpandisha kwa haraka gani. Jicho moja, basi kuna aliyempiga, au kitu alichojipigiza.

Na kupigana kulikuwa kwingi. Watu walipokuja kututembelea walisema mahali petu ni kama peponi, rangi zote zile zinapita taratibu. Hawakumwona kikande akimshukia mwenzake. Kikande ana meno ya kuvunjia chaza, na akimchukia samaki huanza na jicho. Anamnyofoa la kwanza, anangoja, halafu anazunguka kwenda upande wa pili. Kangaja ana wembe mkiani. Akijipinda mara moja, mwenzake hubaki na ubavu uliofunguka. Mikono yangu ilikuwa na makovu ya kangaja hadi kwenye viwiko. Kila asubuhi nilianza kwa kuokota waliouawa, na nilijifunza kumtambua muuaji kwa jeraha aliloacha.

Serahangi hakuwa na subira na wagonjwa. Alikuwa mtu wa mji wa kale, mtu mzima, sauti nzito, Kiswahili chake safi, na watu walimwogopa kwa sababu hakuwahi kutukana, alikuwa akipiga tu. Samaki akionekana ana doa jichoni, alimshika mkia akampiga kwenye jiwe la mlangoni, akamtupia paka. "Mwanangu," aliniambia, "samaki si binadamu, hana mama wa kumlilia." Nikamjibu, "Ami, niachie siku chache tu." Wakati mwingine aliniachia. Wapiga mbizi wakaniita mganga wa macho, na walipolewa na jua walinijia mmoja mmoja na kufumbua macho kwa vidole: "Dada, nimulike na mimi, tangu nioe sioni vizuri."

Aliyecheka kidogo kuliko wote ni huyu wa Adu. Kwao, huko bara, walilima, na wenzake hawakumwacha asahau. "Wee bwana wa maboga," walimwambia, "bahari ilikuonyesha nani?" Naye alijibu kwa upole, "Samaki wenyewe. Walichoka kukamatwa na nyinyi." Alizama peke yake, hakutaka mwenzi, na kila aliporudi ndoo yake ilikuwa na kitatange, wale samaki bapa wa rangi, wakubwa kuliko wa wote. Samaki wake walikuwa watulivu. Hawakujipigiza kwenye ndoo kama wa wengine. Mimi nilidhani ni mkono wake mwepesi. Serahangi alidhani vingine, kwa sababu kiunoni yule bwana alifunga kifuko cha ngozi ambacho hakukivua hata akiingia majini.

"Mna nini humo?" nilimuuliza siku moja.

"Tumbaku, dada."

Serahangi alisikia. "Tumbaku yaenda baharini kumvutia nani?"

Kisha birika la pili lilipasuka. Maji yalivuja usiku kucha na asubuhi tulikuta samaki wamelazwa chini kama nguo. Aliyeitwa kulitengeneza alikuwa mwashi, shemeji wa serahangi. Alijaza ufa, akapiga lipu mpya ukuta wote wa ndani. Mchanga aliutoa hapo hapo horini, wenye vipande vya chaza, na alikuwa na haraka ya kuwahi kazi nyingine Mtwapa, kwa hiyo hakuulainisha ukuta. Tuliloweka birika, tukamwaga maji, tukaloweka tena mpaka harufu ya saruji ikaisha. Halafu tukarudisha samaki, na kwa sababu yule bwana wa Adu ndiye aliyekuwa na mavuno mazuri wiki hizo, wengi waliotiwa mle walikuwa wake.

Siku chache baadaye niliona kitatange wa kwanza mwenye jicho jeupe. Kesho yake walikuwa wengi.

Hapa ndipo lilipozaliwa kosa, na nadhani lingezaliwa kwa watu kama sisi tu. Sisi sote tulikulia sokoni. Mtoto wa mchuuzi, kabla hajajua kuhesabu, anajua kumtazama samaki jichoni: jicho likiwa angavu na limejaa, huyo ni wa leo; likiwa jeupe na limezama, huyo ni wa jana, au ni wa utupa, yaani amekamatwa kwa mmea wa sumu unaosagwa na kutiwa kwenye madimbwi ili samaki walewe waelee. Mama yangu aliweza kumrudisha samaki wa utupa kwa kumtupia jicho mara moja tu, na alikuwa na haki, maana aliyenunua wa utupa na kuuza alipigwa vijembe sokoni mwaka mzima. Lakini elimu hiyo yote ni ya samaki waliokufa. Hakuna kati yetu aliyefundishwa kusoma jicho la samaki anayeogelea. Kwa hiyo wapiga mbizi walipochungulia birika la pili na kuona macho meupe yakizunguka, waliona walichozoea kukiona mezani. Walisema hawa ni maiti, wanaogelea tu kwa kuwa hawajaambiwa. Na maiti wenye macho meupe, kwetu, wana jina moja.

"Utupa," alisema serahangi. Hakupaza sauti.

Nilimwambia, "Ami, utupa hauchagui. Ungepiga macho yote mawili. Hawa ni jicho moja moja."

"Jicho moja limetangulia. La pili linakuja."

Nilitaka kumwonyesha zaidi. Nilikuwa nimeshawatoa kadhaa na kuwamulika, na wote walikuwa wameumia jicho la kuume, weupe wa juu, wenye mikwaruzo. Sikujua bado kwa nini la kuume. Kikande hachagui upande. Nilihitaji siku moja au mbili, na sikupewa.

Asubuhi iliyofuata yule bwana alipanda kutoka majini na ndoo yake, ndani mna kitatange mmoja mkubwa mwenye mistari ya buluu na manjano. Aliiweka ndoo chini, akanisalimu. Serahangi alikuwa anamngoja.

"Fungua hicho kifuko."

"Ni tumbaku, serahangi."

"Fungua."

"Ningekuwa mwizi ningefungua. Mimi si mwizi."

Mmoja wa wale wapiga mbizi akacheka, "Sikieni maneno ya mwenye maboga!" na akamvuta kifuko. Kamba ilikatika, kifuko kikaruka, kikaanguka chini horini. Maji yalikuwa yanatoka na yalikichukua. Kila mtu alikitazama kikienda. Nadhani kama kingebaki, lililotokea lisingetokea. Lakini kilikuwa kimekwenda na chochote kilichokuwamo, na serahangi akageuka na kumpiga yule bwana konde la tumbo lililomkunja.

"Huko kwenu mnakula viapo," alisema. "Mnalamba shoka la moto, mnakula papai la mganga. Kiapo chako hiki hapa. Fumbua macho humo ndani. Ukiwa huna lako, utatoka salama."

Wakamwinamisha juu ya ukingo wa birika la pili. Alijikaza, wakampiga magotini, akainama. Kichwa kikazama, samaki wakapasukia pembeni. Aligeuza uso upande wa kushoto kutafuta hewa, na shavu la kuume likabanwa ukutani. Walidhani anakataa kufumbua macho, wakamsukuma zaidi, huku na huku, kama mtu anayesugua sufuria. Nilisikia sauti ya ngozi kwenye saruji. Nilimpiga serahangi mgongoni kwa mpini wa wavu, akausukuma kwa kiwiko bila kugeuka. Nilipofikiri wamemuua, walimtoa.

Alikaa chini. Hakulia, hakumlaani mtu. Alisema tu, "Sioni huku," akaonyesha. Dereva wa gari la mizigo ndiye aliyempeleka hospitali, kichwa kimefungwa kwa kanga yangu.

Wengine walipotawanyika, nilirudi pale walipomwinamisha. Nilitia mkono majini nikapapasa ukuta. Vidole vyangu vilichanika. Ulikuwa kama mbuzi ya kukunia nazi. Katika vipande vya chaza kulikuwa kumenasa ngozi yake na nywele chache za nyusi, na chini kidogo, kimo samaki wanachopita, kulikuwa na unga wa magamba, buluu na manjano, umepakwa kuzunguka birika zima kama mstari uliochorwa. Nikasimama kutazama maji. Bomba la pampu liliingia kwa pembeni, likayazungusha maji kama mishale ya saa. Samaki hupenda kukabili mkondo, kwa hiyo wote walizunguka kinyume. Na anayezunguka kinyume hivyo, siku nzima, ukuta uko kuume kwake. Wakisukumana, wakikimbizwa na kikande, jicho linaloguswa na chaza ni hilo hilo.

Uso wake yule bwana ulikuwa umenionyesha nilichokuwa nikikitafuta kwa tochi.

Nilimwita serahangi. Nilimshika mkono, jambo ambalo sikuwahi kulifanya, nikaupeleka ukutani. Alipapasa muda mrefu.

"Lipu hii kaipiga shemeji yangu," alisema.

"Ndiyo, ami."

Akachukua tochi yangu juu ya meza, akaipiga kwenye nguzo ya banda mpaka ikavunjika vipande viwili, akaondoka.

Nilinunua tochi nyingine, na kwa dukawala, mzee wa Kihindi karibu na stendi, nikanunua chumvi ya haluli nyingi hivi kwamba aliniangalia juu ya miwani. "Mama, kwenu mmekula harusi gani? Watu wote wamefunga choo?" Haluli ni ya tumbo, lakini huvuta maji kutoka kwenye jicho lililovimba. Niliwatoa samaki wagonjwa nikawaweka katika matangi ya vioo, maji tulivu, magunia juu ili mwanga usiwasumbue. Niliwagawa. Waliovimba jicho nikawatia haluli kidogo kidogo. Waliokuwa na usaha niliwapa kamba waliopondwa, nimewachanganya na unga wa dawa ya rangi mbili niliyoifumbua kidonge kwa kidonge, maana dawa hiyo ukiitia katika maji ya chumvi hupotea bure, afadhali samaki aimeze. Kikande wote nikawahamisha peke yao. Na wachache, kwa makusudi, niliwaacha katika birika la pili bila kuwafanya chochote.

Wa kwenye vioo walianza kupona. Ukungu uliondoka kuanzia pembeni kuja katikati. Walioachwa birikani walizidi, na wawili jicho lilitumbuka kabisa. Nilimwambia tajiri yote haya alipokuja. Alipapasa ukuta kama serahangi alivyopapasa, akasema yule bwana arudishwe kazini, apelekewe salamu Adu. Hospitali walikuwa wamemwambia kuwa jicho halitaona tena.

Sasa nirudi kwenye ndoo. Katika fujo ya asubuhi ile hakuna aliyeikumbuka. Niliikuta alasiri, imesimama juani, yule kitatange wake amelala ubavu, anahema. Maji yalikuwa ya moto. Nilimtia katika beseni peke yake, maji mapya, hewa, kivuli. Hakuingia birika la pili hata dakika moja. Hakugusa ukuta wowote. Siku ya tatu macho yake yote mawili yalikuwa meupe.

Nilimmulika kwa ubavuni. Hakukuwa na mkwaruzo. Weupe ulikuwa laini, sawasawa, kulia na kushoto.

Joto la ndoo laweza kufanya hivyo. Maji machafu ya ndoo, aliyokaa ndani yake saa zile zote, yaweza pia. Sikusoma mahali popote utupa hufanya nini kwenye jicho la samaki aliye hai, na tumbaku vilevile, ingawa kila mtu wa pwani anajua kwamba maji ya tumbaku humtoa pweza shimoni mwake amelewa.

Serahangi alimleta shemeji yake. Walitoa maji, wakapiga lipu laini juu ya ile ya chaza, wakaisugua kwa mwiko na saruji tupu mpaka ikateleza kama sahani. Ilikuwa kazi nzuri. Serahangi alipomaliza kunawa, alisimama mbele ya beseni langu.

"Ule ukuta nimekupa," alisema. "Na huyu, mwanangu, aligusa ukuta gani?"

Kitatange yule hakupona. Alikuwa akiogelea mpaka ukingoni, anajigonga, anageuka, anajigonga tena, na mwisho serahangi alimshika mkia akampeleka kwenye jiwe la mlangoni, na safari hiyo sikumzuia.

Salamu za tajiri zilikwenda Adu na hazikujibiwa. Nilikaa Kilifi muda mrefu baada ya hapo. Kila nilipofikiri juu ya yule bwana nilitaka jambo moja, aambiwe kwamba ni ukuta, kwamba nilimtetea na nilikuwa na ushahidi. Nilimkuta Malindi, sokoni, amekaa nyuma ya mafungu ya muhogo, kofia imeshushwa upande wa kuume. Nilimsalimu. Nilimweleza habari ya lipu, bomba, magamba ya buluu na manjano. Alisikiliza akinifungia muhogo ambao sikuuomba.

"Basi ni ukuta," alisema.

"Ni ukuta."

Alinipa muhogo, akakataa kulipwa. Nilikuwa nimeshageuka aliponiita.

"Dada. Yule kitatange wa mwisho, wa kwenye ndoo. Macho yake yalipona?"

Sikuwa nimemwambia kwamba aliugua.